Kuchagua kisu cha kukunja cha bei kubwa kwa matumizi ya kila siku: mwongozo kamili kwa mazingira ya Dodoma

Wanaotoa laki tano na zaidi kununua kisu cha kukunja mara nyingi hukwama pale pale. Kisu kinafika kikiwa kikali, kinafunguka laini, kinakaa mfukoni miezi michache, kisha kinaanza kukwaruza kila kinapofunguliwa. Makali yakifa, jiwe la nyumbani haliyarudishi. Wengine hugundua wamechelewa kwamba kisu hakikutengenezwa na kampuni ile iliyoandikwa juu yake.

Chanzo ni kwamba kisu kilichaguliwa kwa jina na picha, mazingira yakasahauliwa. Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni unatoka nchi za mvua na theluji, ambako hofu kuu ni kutu. Dodoma mvua zake ni za Desemba hadi Aprili hivi, na hata hizo ni chache. Miezi mingine yote ni ukavu na upepo. Huku kinachoua kisu ni vumbi. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa kulizingatia hilo.

Maneno yatakayorudi mara kwa mara: bapa ni chuma chote kinachofunguka, makali ni ukingo wake unaokata, mgongo ni upande wa pili usiokata. Egemeo ni pale bapa linapozungukia skrubu. Loki ni kile kinacholizuia bapa lisijikunje ukiwa unakata.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Rula ya milimita, na ukiweza kalipa ya kupimia unene, ile wanayotumia mafundi wa karakana za vyuma
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja
- Sumaku ndogo; iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha
- Tochi ya simu
- Karatasi za gazeti, katoni moja tupu, na kipande cha kamba ya katani
- Maka peni nyeusi
- Bisibisi ndogo za nyota ya pembe sita (Torx), namba T6, T8 na T10
- Bamba la kunolea la almasi lenye pande mbili, namba 400 na 1000 au karibu na hapo
- Mkanda wa zamani wa ngozi halisi
- Mafuta mepesi ya cherehani

Bamba la almasi na bisibisi viingize kwenye bajeti ya kisu tangu mwanzo. Kisu cha bei kubwa kisicho na kifaa cha kukinoa ni mzigo mfukoni baada ya mwezi mmoja wa kazi.

## Hatua ya 1: Andika unachokata kwa wiki nzima

Chukua daftari au simu na uandike kila kitu unachokata kwa siku saba. Usikadirie kichwani, kwa sababu watu wengi hufikiria kazi kubwa za porini wakati kazi yao halisi ni bahasha na maboksi.

Mfanyakazi wa ofisi za Mtumba atakuta ana utepe wa gundi wa maboksi, kamba za plastiki za vifurushi na tunda la mchana. Mwenye kizimba soko la Majengo au la Job Ndugai ana kamba za katani na mifuko ya sandarusi kutwa nzima. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi ana mabomba ya umwagiliaji wa matone na kamba za kufungia matawi. Anayependa kwenda mnada wa Msalato ana nyama ya kuchoma.

Tahadhari: kupogoa mzabibu ni kazi ya mkasi wa kupogolea. Kupasua mfupa, kukata kuni na kubandua kifuniko cha ndoo ya rangi navyo si kazi za kisu cha kukunja, hata kikiwa cha milioni moja. Kama orodha yako imejaa mambo hayo, nunua kisu kisichokunjwa chenye ala, au panga, uokoe fedha yako.

Umefaulu ukiwa na kazi nne au tano kwenye karatasi, na unajua ipi inatawala.

## Hatua ya 2: Pima ukubwa, uzito na unene

Bapa la milimita 75 hadi 90 linatosha karibu kazi zote za mjini na shambani. Likipungua hapo, embe kubwa au pande la nyama linakatwa kwa kurudia rudia. Likizidi 90, mpini nao unarefuka, na ukikaa kwenye bodaboda au kwenye kiti cha daladala unachoma paja.

Uzito mzuri ni gramu 50 hadi 110. Kisu cha gramu 130 kinavuta mfuko wa suruali ya kitambaa, na mwisho kinaachwa nyumbani.

Kwa kulinganisha: Benchmade Bugout ina bapa la milimita 82 na uzito wa gramu 52 tu. Spyderco Paramilitary 2 ina milimita 87 na gramu 110 hivi. Chris Reeve Sebenza 31 ndogo ina milimita 76 na gramu 85. Zote tatu ni visu vya bei ya juu, na kila kimoja unakisikia tofauti kabisa mkononi.

Kipimo ambacho karibu kila mnunuzi hukiruka ni unene wa bapa nyuma ya makali. Weka kalipa pale makali yanapoanzia, si kwenye mgongo. Ukisoma milimita 0.3 hadi 0.5, kisu kinakata. Ukisoma 0.7 au zaidi, kinapasua: kikate karoti nacho utaisikia ikipasuka kabla bapa halijafika chini. Hii ndiyo sababu kisu kinene chenye makali ya wembe bado kinahangaika kwenye katoni. Ukali unaanzisha mkato, lakini kinachoupitisha mkato hadi mwisho ni wembamba.

Umefaulu ukiweza kusema: nataka bapa la milimita fulani, uzito usiozidi gramu fulani, na wembamba nyuma ya makali.

## Hatua ya 3: Chagua chuma unachoweza kukinoa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tuliza akili.

Mchanga uliomo kwenye vumbi letu ni mgumu kuliko chuma cha kisu kilichokomazwa vizuri. Katoni iliyoburutwa sakafuni au gunia lililoshuka kwenye lori limebeba chembe hizo, na kila mkato unasugua makali. Matokeo yake, utanoa mara nyingi zaidi ya mtu anayeishi kwenye nchi ya nyasi na unyevu. Chuma kinachosifiwa kwa kukaa na makali muda mrefu kitakufa pia; swali ni je, utaweza kukirudisha?

Ugumu wa visu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C, kinachoandikwa HRC. Visu vya Victorinox viko karibu na 56, ndiyo maana vinanoleka haraka na kufa haraka. Visu vya daraja la juu huwa kati ya 58 na 64.

Ugumu pekee hausemi yote. Vyuma vingi vya bei kubwa vina madini ya vanadi, ambayo ndani ya chuma hujenga chembe ngumu kuliko hata mawe ya kunolea ya alumina yanayouzwa madukani. Ukinoa chuma hicho kwa jiwe la kawaida, unakula chuma laini kinachozunguka zile chembe huku zenyewe zikibaki. Unapata makali yanayokwaruza lakini hayashiki. Almasi ndiyo inayozikata.

Vyuma utakavyokutana navyo:

14C28N kutoka Uswidi na VG-10 kutoka Japani. Havina vanadi ya kusumbua, havishiki kutu kirahisi, na jiwe zuri la kawaida linavinoa. Visivunjiwe heshima kwa kuwa vinapatikana pia kwenye visu vya bei ya kati.

S30V, S35VN na S45VN vya Marekani. S30V ilitoka mwaka 2001, ina kaboni asilimia 1.45, kromi (madini yanayozuia kutu) 14 na vanadi 4. S35VN inanoleka kirahisi kuliko S30V na haimeguki kirahisi. Ukiwa na almasi, ni chaguo la amani.

M390 ya Austria, yenye kromi asilimia 20. Ile iitwayo 20CV ni mchanganyiko uleule kwa jina lingine. Inakaa na makali muda mrefu, kuinoa kunataka subira.

MagnaCut, iliyobuniwa na mtaalamu wa vyuma Larrin Thomas na kutoka mwaka 2021. Ina kromi 10.7 tu, lakini karibu yote imebaki huru kuzuia kutu, na chembe zake ni ndogo sana. Hiki ndicho kinachofaa mtu anayetaka kisu kimoja cha kukaa nacho miaka, mradi ana bamba la almasi.

D2, yenye kromi 12. Hushika madoa ukiiacha na maji ya ndimu au jasho. Kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam ni usumbufu. Kwa mtu wa Dodoma anayefuta kisu chake baada ya kazi, haina shida.

Viruke S90V, S110V na Maxamet kama hujawahi kunoa kwa almasi. Ni vyuma bora kweli, ila vitakuchosha.

Tahadhari mbili. Kisu kilichoandikwa tu kuwa hakishiki kutu, bila jina la chuma, usikilipie bei kubwa. Na usimpe kamwe kisu hiki fundi wa kunoa anayezungusha jiwe kwa baiskeli au mota. Jiwe kavu linalokwenda kasi hupasha makali joto, na ukiona rangi ya bluu ukingoni ujue joto limefika nyuzi 300 hivi au zaidi. Vyuma vingi vya visu, baada ya kukomazwa, hupashwa tena kwa joto la chini ya hapo ili visimeguke, kwa hiyo sehemu hiyo imeshalainika na haitashika makali tena hadi isagwe yote iishe.

Umefaulu ukiwa umeandika jina la chuma kimoja au viwili, na kando yake kifaa utakachokinolea.

## Hatua ya 4: Ijaribu loki kabla ya kulipa

Loki ndiyo inayolinda vidole. Aina zinazopatikana kwenye visu vya daraja hili ni chache.

Loki ya ulimi ni kipande chembamba cha chuma ndani ya mpini kinachoruka nyuma ya bapa. Loki ya fremu ni hiyohiyo, ila ulimi wake ni upande mzima wa mpini, kwa kawaida titani. Sebenza ndiyo iliyoipa sifa. Loki ya kitelezi, iliyoletwa sokoni na Benchmade na sasa inaigwa na wengi, ni kijiti kinachopita upande hadi upande. Mtu wa mkono wa kushoto anaitumia sawa na wa kulia. Loki ya mgongoni hubonyezwa juu ya mpini, ni imara, ila shimo lake likijaa uchafu haishuki vizuri.

Fanya majaribio haya kwa mpangilio huu:

1. Fungua polepole, kisha haraka. Loki ishike sawasawa mara zote mbili. Ikishika ukifungua kwa nguvu tu, kiache.
2. Shika bapa kwa upande usiokata, litikise juu na chini. Lisicheze hata kidogo. Kisha kushoto na kulia. Mchezo mdogo wa upande huenda ukaisha kwa kukaza egemeo. Mchezo wa juu na chini ni kosa la loki yenyewe.
3. Kwa loki ya ulimi au fremu, mulika kwa tochi uone ulimi umeingia kiasi gani nyuma ya bapa. Theluthi moja hadi nusu ya unene wa bapa ni sahihi. Ulimi ukigusa ukingo tu, unaweza kuteleza. Ukiwa umevuka hadi upande wa pili, umeshalika.
4. Shika mpini kwa ubavu, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa, kisha kandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza taratibu, nguvu ikiongezeka. Loki isisogee.

Usigongegonge mgongo mezani kama baadhi ya video zinavyoonyesha. Pigo linaumiza uso wa loki, na muuzaji ana haki ya kukudai.

Kwa loki ya titani uliza sehemu inayogusa bapa ina nini. Titani tupu hunata kwenye chuma na kulika. Watengenezaji makini huweka kipande cha chuma kigumu hapo. Sebenza 31 ina gololi ya seramiki.

Umefaulu ukifungua mara ishirini na loki ikakaa mahali palepale kila mara.

## Hatua ya 5: Chunguza egemeo, mlango wa vumbi

Kama una muda wa kuchunguza jambo moja tu, chunguza hili.

Kati ya bapa na mpini kuna ama washa au beringi. Washa nzuri ni za shaba nyeusi: visahani bapa vinavyogusa eneo pana. Beringi ni gololi ndogo kwenye kizimba chake. Dukani beringi inashinda kila mara, kwa sababu bapa linaruka lenyewe kwa kuguswa tu, na hapo ndipo wengi hutoa fedha.

Sasa fikiria barabara ya vumbi ya vijijini Chamwino au Bahi mwezi wa Septemba. Vumbi jembamba linaingia kila mahali. Kwenye beringi, chembe moja ikikaa chini ya gololi, gololi inaikandamiza kwenye njia yake, na kama njia hiyo ni titani tupu isiyowekewa kisahani kigumu, inachimba mfereji. Ule mkwaruzo unaousikia ni kisu kinajisaga. Kwenye washa, chembe inazama kwenye mafuta au inasukumwa pembeni. Ufunguaji unakuwa mzito kidogo, lakini haribiko ni dogo.

Anayeshinda ofisini achukue beringi akipenda. Anayeshinda shambani, kwenye ujenzi, mnadani au juu ya bodaboda achukue washa. Hili si suala la ladha.

Angalia pia mgongo wa mpini. Ulio wazi, wenye vinguzo viwili au vitatu tu vinavyounganisha pande zake, unapulizwa na vumbi linatoka. Uliozibwa wote unageuka ghala la vumbi na nyuzi za mfuko.

Halafu tazama skrubu. Zikiwa za nyota za kawaida, bisibisi zako zitazifungua. Zikiwa na kichwa cha pekee kinachohitaji kifaa cha kampuni, ujue kila usafishaji utakufanya umtegemee mtu aliye ng'ambo. Soma pia masharti ya dhamana: baadhi ya kampuni hukataa kuhudumia kisu kilichofunguliwa na mteja. Kwa mtu wa Kanda ya Kati, kisu usichoruhusiwa kukifungua ni kisu usichoweza kukisafisha.

Umefaulu ukijua egemeo ni la aina gani, skrubu ni za namba gani, na kwamba una ruhusa ya kuzifungua.

## Hatua ya 6: Mpini na klipu

Hapa usikae sana. G10, ambayo ni tabaka za nyuzi za kioo na gundi ngumu, haitelezi, haipashi joto na haivimbi. Maikata, iliyotengenezwa kwa kitambaa na gundi, inashikika vizuri hata mkono ukiwa na mafuta ya nyama. Titani ni ya kudumu, ila kisu kikiachwa kwenye dashibodi juani saa saba mchana hakishikiki.

Kata katoni mikato kumi ukiwa umekaza ngumi. Sehemu yoyote inayouma kiganja sasa itatoa lengelenge baadaye. Klipu ikiwa imekaza kiasi cha kuchana mfuko, ikunjue kidogo sana, au uiondoe.

## Hatua ya 7: Hakikisha si bandia

Majina yanayoigwa sana ni Benchmade, Spyderco, Microtech na Chris Reeve. Bandia za sasa zina boksi, karatasi na hata maandishi ya chuma, kwa hiyo usiamini boksi.

Anza na bei. Sebenza mpya haishuki chini ya dola 400. Ukiletewa kwa laki moja na nusu, huna haja ya kuendelea na uchunguzi.

Weka kisu mizanini. Kampuni hutangaza uzito wa kila kisu. Tofauti ya gramu mbili tatu ni ya kawaida, ya kumi na tano si ya kawaida.

Tumia sumaku. Titani haivutwi na sumaku kabisa. Mpini unaoitwa titani ukishika sumaku, ni chuma. Bapa nalo lishike: vyuma vyote vilivyotajwa Hatua ya 3 vinavutwa. Bapa la chuma lisilovutwa ni la aina ya kijiko, halikomazwi wala halishiki makali. Kumbuka tu kwamba sumaku hukamata uongo fulani, haithibitishi ukweli. Bandia nzuri hutumia titani halisi.

Soma maandishi kwa tochi. Paramilitary 2 hutengenezwa Golden, Colorado, na bapa lake linasema hivyo. Visu vingine vya Spyderco hutoka Seki, Japani, au Taichung, Taiwan, na navyo vinasema. Mahali pakikosekana au pasipolingana na kisu, rudisha. Herufi zilizotawanyika kama wino kwenye karatasi mbichi nazo ni dalili.

Kunja kisu utazame kwa juu: bapa likae katikati ya mpini. Kukaa pembeni kidogo hutokea hata kwa kisu halali, lakini kugusa ubavu kwa kisu cha bei hii hakukubaliki.

## Hatua ya 8: Piga hesabu ya gharama yote

Visu hivi huagizwa kutoka nje zaidi ya kupatikana madukani. Bei ya mtandaoni si bei ya mlangoni kwako. Ongeza nauli, ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 18 inayohesabiwa juu ya bei, nauli na ushuru kwa pamoja, halafu ada za wakala.

Muulize wakala kwa maandishi kabla ya kulipa kama anapokea visu. Baadhi ya wasafirishaji wa ndege huvikataa, na mzigo ukikwama njiani muuzaji wa ng'ambo hatakurudishia fedha. Nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kampuni yenyewe. Orodha zao ziko kwenye tovuti za kampuni.

## Hatua ya 9: Jaribu na uweke makali yako

Kisu kikifika, rudia Hatua ya 4 yote. Kisha kata ukurasa wa gazeti ukianzia ukingoni, kutoka shina la bapa hadi ncha. Panapokwama ndipo makali yana kasoro.

Makali ya kiwandani mara nyingi hayako sawa pande zote. Kuyarekebisha:

1. Paka maka peni kwenye makali, pande zote mbili.
2. Lowesha bamba la almasi la 400 kwa maji. Laza bapa, kisha inua mgongo hadi nyuzi 17 hadi 20. Kwa bapa lenye upana wa milimita 30, mgongo uwe juu ya bamba kwa milimita 9 hadi 10.
3. Pitisha mara mbili tatu bila kukandamiza, kisha tazama wino. Ukifutika juu tu, umelaza mno. Ukifutika ukingoni tu, umeinua mno. Ukifutika wote, shikilia hapohapo.
4. Noa upande mmoja hadi usikie kwa kidole ukwaru mdogo umejitokeza upande wa pili, urefu wote wa makali. Pitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kufuata urefu wa makali. Kisha geuza upande.
5. Hamia 1000, mipitisho michache myepesi ya kupokezana pande hadi ukwaru uishe.
6. Maliza kwa mkanda wa ngozi, ukivuta bapa mgongo ukitangulia, mara kumi kila upande.

Kosa kubwa ni kuhamia 1000 kabla ukwaru haujatokea urefu wote. Hapo unang'arisha makali ambayo pande zake hazijakutana, na utanoa saa nzima bila faida. Kosa la pili ni kukandamiza: almasi inakata kwa wepesi, na nguvu inang'oa chembe zake kwenye bamba.

Umefaulu gazeti likikatika bila kuchanika, na kamba ya katani ikikatika kwa mvuto mmoja bila kusugua. Usitafute makali ya kunyolea kwa kisu cha katoni na kamba. Makali yenye mikwaruzo midogo iliyoachwa na bamba la 1000 yanakata nyuzi vizuri zaidi.

## Hatua ya 10: Kubeba

Epuka visu vinavyofyatuka kwa kitufe na vyenye makali pande zote mbili. Havikati vizuri zaidi, na ukikutwa navyo utaeleza sana.

Kiache nyumbani unapokwenda mahakamani, bungeni, benki, uwanja wa mpira au mkutano wa hadhara. Kwa ndege, kiweke kwenye begi linaloingia chini; ukikisahau mfukoni utakiacha kwa wakaguzi. Kwa treni ya SGR mizigo hukaguliwa, kwa hiyo uliza wahudumu kabla ya siku ya safari.

Ukimpa mtu kisu, mpe kikiwa kimekunjwa. Ukikitumia mezani mbele ya wazee, kifungue taratibu kwa mikono miwili.

## Hatua ya 11: Kukitoa vumbi

Kila wiki wakati wa kiangazi, kipulize kwa pampu ya baiskeli kikiwa kimefunguliwa, ukielekeza hewa kwenye egemeo na loki. Futa bapa, hasa baada ya ndimu, embe au zabibu.

Kila miezi mitatu, au mkwaruzo unaposikika, kifungue. Tandika kitambaa cheupe, piga picha kila hatua, na panga skrubu kwa mpangilio ulizozitoa. Skrubu ikigoma usiilazimishe: ipashe joto kidogo ili gundi iliyoshika nyuzi zake ilainike. Osha washa kwa maji ya sabuni, kausha kabisa, weka tone moja tu la mafuta ya cherehani kila upande. Mafuta mengi yanakusanya vumbi, na ya kupikia yanaganda na kunata.

Funga egemeo hadi bapa lisicheze upande, kisha legeza kwa robo ya robo mzunguko hadi lifunguke bila kusukumwa kwa nguvu. Mitetemo ya bodaboda hulegeza skrubu, kwa hiyo weka tone dogo la gundi ya skrubu ya bluu kwenye nyuzi za egemeo, ukiangalia isiguse washa. Ile nyekundu usiitumie, haifunguki tena bila moto mkali.

Kiache saa ishirini na nne gundi ikauke, kisha rudia jaribio la kutikisa na la kukandamiza. Bapa likikaa katikati, lisipocheza popote, na lisipotoa sauti ya mchanga, kirudishe mfukoni.